Gumzo la Ukoo: Barabara ya Ufukweni au Mabasi?

Zuhura: Hamjambo wote. Ijumaa nina mdahalo chuoni, mada ni mji wa pwani unaoishi kwa utalii upanue barabara ya ufukweni au hela iende kwenye mabasi. Mi nimepangiwa mabasi. Nisaidieni jamani, upande wa pili wana midomo hao

Mjomba Rashidi: Umepangiwa kushindwa mwanangu 😂 Mgeni katua na mabegi matatu na watoto wanalia, umwambie asubiri basi? Panueni barabara watu wafike hotelini hela iingie

Idi: Shikamoo mjomba. Kupanua hakumalizi foleni, wenzetu walishajaribu. Houston kule Marekani kuna barabara inaitwa Katy Freeway, waliimaliza kuipanua 2008, kuna mahali inafika leni 26 ukihesabu na zile za pembeni, na miaka michache tu baadae saa za kwenda na kutoka kazini safari zikaanza kurefuka tena. Maana barabara ikiwa nyeupe hata yule aliyekuwa anaacha gari nyumbani analitoa, na aliyekuwa anawahi alfajiri analala mpaka jua litoke, wote wanakutana pale pale

Mjomba Rashidi: Marahaba. Houston watu wanaenda ofisini. Hapa tunaongelea utalii

Shangazi Mwanahawa: Rashidi na huo utalii vitanda anatandika nani?

Mjomba Rashidi: Haya dada kaja 🙈

Shangazi Mwanahawa: Nauliza tu. Wa kufua mashuka anaingia saa kumi na mbili asubuhi, mpishi wa jioni anatoka saa sita usiku na basi la mwisho lilishapita zamani. Karibu na bahari kodi hawaiwezi, wanakaa mbali, na kila hoteli mpya ikijengwa ardhi inapanda bei wanasogea mbali zaidi. Wanaopanga mji wanamhesabu mgeni wa wiki moja, huyu anaekwenda na kurudi kila siku ya Mungu hayumo kwenye hesabu

Zuhura: Shangazi hiyo naichukua kama ilivyo

Idi: Tena ndo jibu lenyewe Zuu. Wakikuambia mabasi ya watalii yatatembea matupu msimu ukiisha, waambie ratiba ipangwe kwanza kwa wafanyakazi, wanafunzi na wa sokoni, hao wapo mwaka mzima, wageni wakija unaongeza magari juu yake. Ukianza na mgeni lazima ufilisike

Mjomba Rashidi: Msimu ukiisha hata hao wafanyakazi nusu wanasimamishwa Idi. Unajua hilo?

Idi: Najua mjomba. Hapo ruti zipite mitaani wanakokaa watu na hospitali na shule, zisitegemee hoteli peke yake

Halafu hiyo barabara yenyewe ilipo. Ukiiweka sambamba na maji kabisa, hoteli zote zinaikimbilia, zinajipanga mstari mmoja. Mchanga wa ufukweni haukai, mawimbi yanauhamisha kila siku, ufukwe wote unasogea upande huu kwenda ule. Barabara haiwezi kusogea nao, kwa hiyo siku bahari inaanza kuila mnajenga ukuta. Wimbi likigonga ukuta linarudi na nguvu na mchanga wa mbele yake, ufukwe unapungua. Mkiona hivyo, mnajenga tena kuta fupi za kuingia baharini zishike mchanga, kweli unashika upande mmoja, jirani wa upande wa pili anabaki na mawe

Mjomba Rashidi: Ukuta si unalinda?

Idi: Unalinda barabara. Ufukwe ndo unaondoka

Zuhura: Sasa tuseme njia ipite wapi?

Idi: Njia kuu ya mabasi irudi nyuma, bara kidogo, halafu vichochoro vya miguu na baiskeli vishuke mpaka baharini. San Francisco walikuwa na barabara ya juu ya ghorofa mbili imeziba bahari yote. 1986 wananchi waliulizwa ibomolewe wakakataa, waliogopa foleni. 1989 tetemeko likaiharibu, 1991 wakaanza kuibomoa, leo pale watu wanatembea, tramu za zamani zinapita na biashara zimejaa

Mjomba Rashidi: Kwa hiyo tusubiri tetemeko 😂 Hela ya mabasi anatoa nani?

Mariamu: Mgeni mwenyewe. Basel Uswisi ukilala hotelini unapewa kadi ya basi na tramu kwa siku zako zote, inalipwa na ushuru wa wageni. Na kule Hispania, Mallorca na visiwa vya jirani wanatoza ushuru wa kila usiku tangu 2016

Mjomba Rashidi: Na wale wa meli wanaoshuka asubuhi jioni hao? Hawalali popote

Mariamu: Hapo umenena mjomba. Hao wanajaza njia kwa saa sita wanaacha kidogo sana. Venice Italia 2021 walizizuia meli kubwa zisipite ule mfereji wa katikati, 2024 wakaanza kutoza euro 5 kwa anaekuja na kuondoka siku hiyo hiyo, siku maalumu tu. Mi naona euro 5 haimrudishi mtu aliyeshapanda treni, ila hela ya mabasi inapatikana

Zuu na usisahau Boracay Ufilipino. 2018 serikali ilikifunga kisiwa kizima miezi sita maana majitaka yalikuwa yanaingia baharini. Walipofungua wakaweka kikomo cha wageni, majengo yaliyosogelea maji yakabomolewa, na pikipiki za matairi matatu za petroli zikaondolewa zikaja za umeme

Shangazi Mwanahawa: Na hiyo miezi sita wapishi na wa mashuka walikula nini?

Mariamu: Wengi walikaa bila kazi shangazi

Shangazi Mwanahawa: Basi hiyo ndo bei ya kuchelewa kupanga, na anailipa asiyepanga. Zuhura aseme hivyo hivyo mbele yao

Mjomba Rashidi: Hapo dada sikupingi. Lakini mabegi yangu hamjayajibu

Idi: 😂 Teksi na vibasi vya kutoka uwanja wa ndege vitakuwepo mjomba, hakuna aliyesema vifutwe. Tunabishania leni nani apewe. Leni moja ya magari madogo inapitisha watu elfu mbili hivi kwa saa, njia ya mabasi ya mwendokasi Bogotá Kolombia, yenye leni mbili kila upande, ikielemewa inapitisha zaidi ya elfu arobaini upande mmoja. Ukiwatoa hao barabarani na begi lako linafika

Shangazi Mwanahawa: Na vichochoro vya kushuka baharini viandikwe ni vya umma. Hoteli zikishajipanga, mvuvi kufika dikoni kwake mpaka amuombe mlinzi

Zuhura: Nina dakika tano tu za kuongea jamani 😭 Naanza na shifti ya usiku, halafu ukuta, namalizia Boracay. Mjomba kesho jioni nikupigie unibane kama upande wa pili?

Mjomba Rashidi: Piga. Nakuanzia na msimu mdogo, Idi pale kaniponyoka