Naomba ushauri: vipepeo wa Papilionidae wasio na mkia nawatambuaje?

Wakuu, habari zenu. Napanga picha zangu za vipepeo kwa familia, nimekwama kwenye Papilionidae. Nilitegemea ile mikia ya mabawa ya nyuma, lakini haiaminiki: Papilio demodocus hana kabisa.

Anayenitoa jasho hasa ni Papilio dardanus. Dume ni wa manjano hafifu, ana mikia. Majike wengi hawana. Wanaiga vipepeo wenye sumu wa familia nyingine, Nymphalidae, weusi wenye mabaka meupe au ya chungwa. Ndege wanaingia mkenge, sembuse mimi!

Kiwavi hanisumbui: ukimchokoza anachomoa nyuma ya kichwa kipembe laini chenye ncha mbili, kinanuka vibaya. Kipepeo mzima naangalia miguu: Papilionidae husimama kwa sita, Nymphalidae kwa minne, ya mbele imekunjwa kifuani. Tatizo, picha nyingi zimepigwa kwa juu, miguu haionekani.

Je, kuna alama kwenye mishipa ya bawa ya kutegemea? Na mnatumia mgawanyo upi wa familia ndogo ndani ya Papilionidae, huu wa Baroniinae, Parnassiinae na Papilioninae, au mwingine?