Kusafisha Singer ya kale bila kung'oa maua ya dhahabu

MwanaUzi
Wakuu, habari zenu. Nina cherehani ya Singer, nyeusi, ya kuzungusha kwa mkono, yenye maua ya dhahabu. Mwili wote una utando wa kahawia unaonata, gurudumu ni zito, na futi (mguu unaokandamiza kitambaa) na bamba la sindano vimeshika kutu. Nimeshauriwa niipanguse kwa spiriti kisha nipige brashi ya waya. Ni sawa?

FundiPindo
Hapana mkuu, spiriti iweke mbali kabisa. Juu ya maua kuna vanishi, mara nyingi ya shelaki, na shelaki huyeyuka kwa spiriti. Pitisha mara moja tu, ua linabaki na rangi ya fedha na halirudi tena. Thina, petroli, amonia na sabuni kali pia usiguse nazo.

Huo utando ni mafuta ya zamani yaliyoganda, kwa hiyo utayalainisha kwa mafuta ya cherehani yale mepesi. Anzia sehemu ya chini isiyo na maua. Paka kwa pamba eneo la ukubwa wa kiganja, acha dakika 15, futa kwa kipande cha fulana. Halafu kitazame hicho kitambaa. Kikitoka na kahawia, endelea. Kikitoka na weusi wa rangi, unakula mwili wenyewe. Ukiona njano au dhahabu, simama hapo hapo.

Juu ya maua usisugue. Gusagusa kwa kijiti cha pamba, na ukibadilishe kila kikichafuka, maana chembe za vumbi zilizonasa kwenye pamba ndizo zinazokwaruza. Sehemu moja inaweza kutaka kurudiwa mara tano au zaidi, usione taabu. Ukimaliza, futa mafuta yote. Yakibaki hupenya kwenye nyufa za vanishi.

Bisibisi
Naongezea upande wa mashine. Usilazimishe gurudumu. Fungua bamba la sindano na kifuniko cha ubavuni, toa bobini (kigurudumu cha uzi wa chini) na kikasha chake, kisha chokoa vumbi la nyuzi chini ya meno yanayosukuma kitambaa. Huko hujishindilia mpaka likawa gumu kama ubao, na uzi uliojiviringa nyuma ya kikasha unatosha kukaza mashine nzima.

Baada ya hapo tia matone mawili matatu ya mafuta ya taa kwenye kila tundu la mafuta na kila maungio, zungusha taratibu kuelekea kwako, futa kinachotoka, acha hadi kesho, rudia. Gurudumu likishakuwa jepesi, kausha na utie tone 1 la mafuta ya cherehani kila mahali. Mafuta ya taa yanasafisha lakini hayazuii vyuma kusagana, ukishonea hivyo hivyo vyuma vinalika. Mafuta ya kula usithubutu, yanaganda kama gundi.

Skrubu zikigoma, tia mafuta ya kupenyeza na usubiri, na bisibisi ijae mfereji wake. Usizipoteze: hesi zake (ile mizunguko ya meno yake) si za skrubu za kawaida.

MwanaUzi
Asanteni sana. Basi mafuta ya taa siwezi kuyapaka mwilini ili niharakishe? Na kutu je?

FundiPindo
Wapo wanaopaka. Mimi sishauri: rangi isiyopasuka huvumilia, lakini vanishi iliyopasuka inaweza kubanduka pamoja na ua. Mafuta ya taa yaishie ndani ya mashine.

Kutu iondoe kwenye vipande ulivyovifungua tu, kwa nyuzi laini za chuma namba 0000 zilizolowa mafuta. Brashi ya waya itamaliza nikeli, ule utando unaong'aa juu ya chuma. Siki nayo hupenya kwenye vitundu vya nikeli na kula chuma kilicho chini yake. Mwili ukishakauka, paka nta ya karnauba isiyo na chembe za kung'arisha, safu nyembamba.

Bisibisi
Ukifungua gurudumu, legeza kwanza kiskrubu kidogo kwenye kile kitufe cha katikati. Ndani utakuta washa (pete bapa ya chuma) yenye masikio matatu nje na mawili ndani. Piga picha kabla ya kuitoa, uone masikio ya ndani yamepinda kuelekea wapi. Ukirudisha ukakuta ukilegeza kitufe sindano bado inapanda na kushuka unapozungusha gurudumu, itoe hiyo washa, izungushe nusu mduara, ujaribu tena.