Kadi ya njano ina jina la zamani, safari ya Peru imebaki wiki tatu

Mama Neema, Reading:
Hamjambo ndugu zangu. Mwezi ujao mimi na binti yangu tunakwenda Peru, kisha tunavuka kwa basi kuingia Bolivia. Tukirudi tunalala London usiku mmoja tu, kesho yake tunapanda ndege ya Dar kumwona bibi yake. Sasa shida ni kadi yangu ya njano, ile ya chanjo ya homa ya manjano. Nilichanjwa Dar mwaka 2011, kwa hiyo ina jina la marehemu baba Neema na namba ya pasi ya Tanzania, ambayo niliirudisha nilipochukua uraia wa hapa Uingereza. Nimeolewa tena, na pasi ya sasa ina jina jipya. Leo nimekwenda kliniki moja ya usafiri waninakilie kwenye kadi mpya. Dada wa mapokezi akaigeuza geuza, akaona mhuri umefifia na ukurasa mmoja uliwahi kumwagikiwa chai, akasema hawaandiki chanjo ambayo hawakuichoma wao. Nichomwe upya, nilipe. Nina miaka 61. Aliyewahi kubadilisha jina kwenye kadi hii alifanyaje?

Kombo, Leicester:
Pole dada. Lakini hata jina lingekuwa sawa, kadi ya 2011 imeshakwisha muda. Ni miaka kumi, imeandikwa humo humo ndani. Choma mpya tu, usijisumbue. Mimi GP wangu, yule daktari wa mtaani, alinikatalia, nikaenda kulipa kwingine, nikasahau habari.

Wanjiru, Luton:
Kaka Kombo, kwa heshima, tafadhali usiwapotoshe watu. Mimi ni nesi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 kadi ya homa ya manjano ni ya maisha, pamoja na zile za zamani zilizoandikwa miaka kumi. Na hili la umri ni zito: aliyefikisha miaka 60 ana hatari zaidi ya kupata madhara makali ya chanjo hii, hasa akichomwa kwa mara ya kwanza. Mama Neema, usikubali kuchomwa kwa ajili ya karatasi kabla hujakaa na daktari anayejua historia yako. Kama kuna sababu ya kiafya ya kutochomwa, ataandika barua ya msamaha wa chanjo, ingawa kuipokea ni hiari ya nchi unayokwenda. Kama ni kuchomwa, amua wiki hii, kwa sababu kadi mpya inaanza kuhesabika baada ya siku kumi. GP kukataa si ajabu. NHS, huduma ya afya ya serikali, hailipii chanjo hii, na inatolewa kwenye vituo vilivyosajiliwa tu. Peru wenyewe hawaidai mlangoni kwa anayetoka hapa, lakini ukitoka Peru, Bolivia wanaweza kukuuliza, na Dar vilevile.

Baba Doreen, Slough:
Nami niongeze langu. Wengi mnasoma ukurasa wa FCDO, wizara ya mambo ya nje ya Uingereza, na kudhani unatuhusu sote. Unamhusu mwenye pasi ya Uingereza. Sisi wenye ILR, yaani kibali cha kuishi hapa moja kwa moja, na pasi ya Tanzania, Peru ni viza. Mimi niliipata, nikaenda, nikafurahi. Kurudi ndipo nilipokwama. Pale kaunta ya uwanja wa ndege Lima kijana anaomba BRP, ile kadi ya ukaazi. Namwambia BRP zote zilikwisha tarehe 31 Desemba 2024, sasa ni eVisa, kibali cha mtandaoni. Anatafuta kwenye kompyuta, hanioni. Nilikuwa nimebadilisha pasi na sikuwa nimeiingiza pasi mpya kwenye akaunti ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza. Nikakaa juu ya sanduku, simu ina chaji asilimia tisa, najaribu kutoa share code, namba ya kuthibitisha kibali changu, huku naona foleni inakwisha. Ndege ikaondoka. Nawaombeni, ingizeni pasi mpya kabla hamjatoka nyumbani.

Wanjiru, Luton:
Pole sana Baba Doreen, lakini swali ni la kadi ya njano, na Mama Neema ana pasi ya Uingereza. Hahitaji viza ya Peru.

Baba Doreen, Slough:
Najua anayo. Ndicho kinachoniuma. Ili aipate ilibidi aikane ya kwao. Ninyi Wakenya tangu Katiba ya 2010 mnatembea na pasi mbili, hamjui uchungu wake. Sisi badala ya uraia pacha tunaambiwa hadhi maalumu, hadhi maalumu. Mimi naomba uraia wangu, siombi hadhi.

Mama Neema, Reading:
Niliporudishiwa ile pasi ilikuwa imekatwa kona kwa mkasi. Nimeiweka kwenye bahasha pamoja na cheti cha ndoa ya kwanza. Je, nikiionyesha hiyo pamoja na kadi, jina litaeleweka?

Mushi, Sheffield:
Shikamooni wakubwa. Mama, ratiba yenu inaanzia wapi? Nauliza kwa sababu nilipandisha wageni Kilimanjaro miaka sita, njia ya Marangu. Pale mgeni analala kwanza Mandara, mita 2,720, ndipo apande Horombo, mita 3,720, na bado tunamwimbia pole pole. Sasa Cusco iko mita 3,400 hivi, na watu wanatoka Lima, usawa wa bahari, wanashushwa huko kwa ndege ndani ya saa moja na ushee! Mke wangu alikaa chini kwenye ngazi ya tatu ya hoteli, midomo imebadilika rangi, akaniambia "niache hapa hapa". Mimi mtoto wa Marangu, nikaona aibu kwamba sikumpangia vizuri. Ukitua Cusco usilale hapo. Chukua gari ushuke Ollantaytambo, mita 2,800 hivi, mlale siku mbili. Treni ya Machu Picchu, ule mji wa kale wa Wainka, inapita hapo hapo, na Machu Picchu yenyewe ni mita 2,430 tu. Tiketi zake mnunue sasa, zina saa na njia maalumu na zinakwisha mapema. Cusco iwe baadaye, La Paz ya Bolivia mwisho kabisa. Uwanja wake wa ndege kule El Alto unapita mita 4,000. Kichwa kikizidi na kutapika kukianza, dawa ni kushuka. Na GHIC, kadi ya matibabu ya wasafiri wa Uingereza, haifanyi kazi huko, kateni bima, msome inaruhusu mita ngapi.

Kombo, Leicester:
Mushi amesema kweli. Mimi kilichonisaidia ni chai ya majani ya koka, kila hoteli wanaiweka mezani. Mama Neema, rudi na boksi mbili tatu, zinauzwa sokoni kama majani ya chai. Na mpakani Kasani hakikisheni mnashuka kwenye basi na kugongewa mhuri wa kutoka Peru na wa kuingia Bolivia. Mwenzetu alibaki amelala kwenye kiti, akaja kulipishwa faini siku ya kuondoka.

Wanjiru, Luton:
La mhuri ni sahihi kabisa. La boksi, hapana! Koka ni halali kule, lakini hapa majani yake yako daraja A la dawa za kulevya, hata yakiwa kwenye vifuko vya chai. Mama Neema, inywe huko huko, na kagua mifuko ya binti yako kabla ya kurudi.

Anyesi, Glasgow:
Nimesoma yote haya, machozi yamenilenga kwa jambo jingine. Marehemu mama yangu, Songea, alikuwa na picha ya Mtakatifu Martin wa Porres juu ya kabati la vyombo: yule bruda mweusi mwenye ufagio, na mbwa, paka na panya wakila sahani moja. Alizaliwa Lima mwaka 1579, mama yake mwanamke mweusi aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru. Mama alikuwa akisema, "Huyu ni wetu, alipelekwa mbali." Nimekuja kumwelewa nikiwa huku, nikifagia wodi usiku. Amezikwa Santo Domingo, katikati ya Lima. Mama Neema, ukipita hapo niwashie mshumaa mmoja. Mama aliitwa Skolastika.

Mama Neema, Reading:
Nitauwasha, Anyesi, na jina nitalitamka kwa sauti. Mushi, nimeshapiga simu, tunalala Ollantaytambo. Daktari nimempata Alhamisi. Ila la jina kwenye kadi bado sijajibiwa. Kuna yeyote aliyevuka Kasani, au aliyetua Dar, na kadi yenye jina tofauti na la pasi? Aniandikie hata usiku, niko macho.