Je, kuchechemea kwa ng'ombe kunaweza kumpunguzia damu?

Mfugaji, Kilimanjaro: Ndugu wafugaji na madaktari, habari zenu. Ng'ombe wangu wa maziwa amechechemea mguu wa nyuma kwa wiki sita, na sasa nikimfunua kope naona utando wa ndani umepauka. Je, mguu ndio unaompunguzia damu, au haya ni maradhi mawili?

Daktari wa mifugo: Pole sana, ndugu yangu. Yote mawili yanawezekana. Kidonda cha kwato kinapodumu, mwili huficha madini ya chuma ndani ya ini na seli za ulinzi, hivyo uboho hukosa chuma cha kutengenezea chembe nyekundu ingawa kimo mwilini. Wakati huohuo haptoglobini, protini ambayo karibu haipo katika damu ya ng'ombe mwenye afya, hupanda. Lakini upungufu wa namna hii kwa kawaida si mkubwa. Chembe nyekundu za ng'ombe huchukua takriban asilimia 24 hadi 46 ya ujazo wa damu. Zikishuka mbali chini ya hapo, apimwe ndigana baridi (ugonjwa wa damu unaoenezwa na kupe) na minyoo.

Mfugaji mwenzako: Nakusihi usikimbilie sindano ya chuma kabla ya kipimo, kwa kuwa kwato isipotibiwa chuma kitaendelea kufichwa. Sakafu yake ni kavu?

Mfugaji, Kilimanjaro: Hapana, ina matope karibu na hori. Nitaikausha leo, na nimeomba achukuliwe damu kesho asubuhi.