Tarehe 14 usiku Mombasa: matangi ya Changamwe yamejaa, sisi twaambiwa "hakuna super"

Wenzangu, naandika nikiwa na hasira, na asije mtu hapa akaniambia nitulie. Tuktuk yangu ilikaa kwa fundi siku tisa mwezi uliopita. Haikugongwa, haijazeeka, na mkopo wake bado naulipa kila wiki. Iliuliwa na mafuta.

Nianze na usiku wenyewe. Ilikuwa tarehe 14. Saa kumi na moja jioni nilipita kituo kimoja huku Magongo nikaona lori linashusha. Mpira umeingia kwenye tangi la chini, kijana kasimama na ile fimbo ndefu ya kupimia. Nilikuwa na abiria, nikajiambia nitarudi. Narudi saa mbili na nusu, kamba imefungwa toka pampu hii hadi ile, na kipande cha boksi kimeandikwa kwa kalamu nzito: HAKUNA SUPER, yaani petroli.

Yule kijana namjua, mimi ni mteja wake karibu kila siku. Nikamuuliza, "Na ile iliyoshushwa jioni yote imekwenda wapi?" Akaangalia chini. "Kaka, mimi nimeambiwa niseme hakuna. Rudi baada ya saa sita."

Baada ya saa sita! Kila dereva wa mji huu anajua maana yake. EPRA, ile mamlaka ya serikali inayopanga bei ya mafuta, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, na bei mpya huanza kufanya kazi usiku huo huo wa kuamkia 15. Mwenye kituo akisikia bei inapanda, kila lita iliyolala ardhini inaongezeka thamani huku yeye amekaa kwenye kiti. Afungue ya nini? Mwenzangu mmoja alisubiri pale pale. Risiti yake ninayo kwenye simu: saa sita na dakika kumi na saba usiku, bei mpya, mafuta yale yale ya jioni. Hakuna lori jingine lililokuja, alikuwepo, aliona.

Mimi sikuweza kusubiri. Saa tatu na nusu za kazi ni pesa ya mkopo. Nikanunua kwa vijana wa kando ya barabara, chupa mbili za maji za lita moja moja, shilingi 300 kila chupa. Najua nilifanya jambo la hatari, sihitaji kuhubiriwa. Alfajiri saa kumi nikamchukua mama mmoja wa Mikindani ninayempeleka Kongowea kila siku kununua mboga. Hatukufika. Injini ilikohoa mara tatu karibu na Makupa ikazima, giza, malori yanatupita ubavuni, na yule mama ana pesa zake za bidhaa kiunoni. Alishuka akasimamisha tuktuk nyingine. Hajanipigia tena, na simlaumu.

Fundi alifungua kabureta akamwaga kilichokuwemo kwenye chupa ya kioo, akaiweka mezani, akaniambia, "Ngoja uone." Dakika chache tu: super juu, maji chini, katikati mstari umenyooka kama wa rula. Karibu robo ya chupa ni maji. Maji, jamani, kwa shilingi 300.

Sasa mtu wa Wajir au wa Lodwar akiniambia mafuta yamechelewa kumfika, nitamwelewa, njia ni ndefu. Mimi nalala chini ya matangi! Mafuta ya nchi hii yanashukia Kipevu, hapa hapa. Pale Changamwe kilikuwepo kiwanda cha kusafisha mafuta ghafi tangu 1963, kikaacha kusafisha 2013, tangu hapo twanunua yaliyosafishwa na wengine. Haya. 2022 ikafunguliwa gati mpya ya mafuta Kipevu, shilingi bilioni 40, meli nne zaweza kushusha kwa pamoja, ile ya zamani ilikuwa ikichukua moja tu. Tukapiga makofi. Bomba la kwenda Nairobi, kilomita 450, lipo tangu 1978. 2023 serikali ikaacha zabuni ya kila mwezi ya kuagiza mafuta, ikaingia mkataba na kampuni za serikali za Saudia na Emirati, mafuta yaletwe kwa mkopo wa siku 180 ili uhaba wa dola usitukabe koo. Yote hayo tuliambiwa ni ya kuhakikisha mafuta hayakosekani. Na kwa upande wa meli nakubali, kazi imefanyika. Lakini toka tangini hadi kwenye kabureta yangu, nani analinda?

Bei imedhibitiwa tangu Desemba 2010. Kinachodhibitiwa ni ile namba ya kwenye ubao peke yake. Kituo kikizidisha hata senti kinashikwa. Kikifunga kamba na kusema hakuna, kimetoka salama, ingawa kila mara twasikia onyo kwamba kuficha mafuta ni kosa. Anayeuza ghali ana hatia, anayekataa kuuza kabisa anakwenda kulala! Na msidhani bei ikishuka twapona. Ikitarajiwa kushuka, mwenye kituo haagizi, kwa sababu atanunua kwa bei ya juu auze kwa ya chini. Hapo namwelewa kidogo, hasara ni yake. Lakini matokeo kwangu ni yale yale: ikipanda nimefungiwa, ikishuka nimefungiwa.

Wakubwa nao, wenye kampuni za mafuta, hufanya hivyo hivyo. Mmesahau Aprili 2022? Serikali ilishikilia bei kwa ruzuku, halafu ikachelewa kuwalipa fidia yao. Wakabana mafuta, foleni zikazagaa nchi nzima, huku mafuta ya transiti, yale ya nchi jirani, yakiendelea kuvuka mpaka kwa sababu huko pesa ilikuwa inalipwa. Hapa Mombasa tulipanga mitungi na meli tukiziona baharini kwa macho.

Na ile ya mafuta taa ndiyo inanichoma zaidi. 2018 waliongeza tozo ya shilingi 18 kwa lita ili watu waache kuyachanganya na dizeli. Mwenye stovu kule mtaa wa Bangladesh, hapa hapa Mombasa, ndiye anayelipa hizo 18 hadi leo. Aliyetia maji kwenye chupa yangu hajalipa kitu.

Ninachotaka hakihitaji mkataba wala bilioni. Kila pampu ina mita inayohesabu lita zilizotoka. Kila kituo kina ile fimbo. Apite mkaguzi saa kumi na mbili jioni ya tarehe 14 apime tangi, aandike, arudi saa sita na nusu usiku apime tena. Aliyesema hakuna na fimbo inasema ipo, leseni yake ifungwe mwezi mzima na jina la kituo libandikwe barabarani.

Leo ni tarehe 12. Keshokutwa saa kumi na moja jioni nitakuwa nimeegesha mbele ya kile kituo, na nitapiga picha lori likishusha na kamba ikifungwa, na saa ionekane. Wa Likoni, Bamburi, Jomvu, Mtwapa, fanyeni vivyo hivyo kwenu mlete hapa. Picha iwe na saa. Namba za malori na sura za vijana wa pampu msiweke, wao wametumwa.