Nyumba ya mwanasesere: MDF, plaiwudi au boksi? Nipo Mwanza

Bibie_wa_Nyegezi
Wakuu, habari za jioni. Nataka kujenga nyumba ya mwanasesere, ghorofa moja, vyumba vinne, na samani zake zote ndani: vitanda, kabati, jiko, mpaka mapazia. Duka la vifaa vya ujenzi nilikoulizia wananiambia nichukue MDF, ule ubao wa mbao iliyosagwa na kushindiliwa kwa gundi, watanikatia palepale. Fundi wangu wa makabati anasema plaiwudi. Mdogo wangu ananicheka, eti boksi la televisheni linatosha. Jumamosi naenda kununua. Ipi bora? Wenye uzoefu tu tafadhali, wa kejeli mpite mbali.

Ngosha79
Vyumba vinne vya ukubwa gani? Kipimo chako 1:12 (sentimita 12 za nyumba halisi zinakuwa 1 ya kwako) au 1:24? Ya mtoto kuchezea au ya kukaa sebuleni watu watazame kwa macho? Vifaa unavyo? Bajeti? Usipotaja hayo, kila mtu hapa atakupigia debe anachokipenda yeye.

MamaKulwa
Plaiwudi. Hata sihitaji maelezo mengine. Ya milimita 6 kwa kuta za nje, ya milimita 3 kwa kuta za ndani. Gundi ya mbao, vibanio, usiku mmoja, imeisha. Kingo piga msasa kabla ya kuunganisha, ukishaunganisha mkono hauingii tena kwenye kona.

Jiwe la Bismarck
Boksi linadharauliwa sana. Mimi zangu zote ni za boksi, tabaka mbili zimegundishwa kwa kupishanisha mawimbi, moja wima moja mlalo, na haipindi ng'o. Halafu kuna jambo ambalo watu wa mbao hawalijui. Bandua karatasi ya juu ya boksi la kawaida uone yale mawimbi ya ndani. Wimbi hadi wimbi ni milimita 6 na kitu. Bati la migongo la ukweli ni milimita 76. Gawa kwa 12. Paa lako la 1:12 umeshalipata bure nyuma ya duka lolote la Kirumba. Paka rangi ya fedha, kisha dondosha rangi ya kahawia iliyochanganywa na maji mengi kwenye mabonde, unapata kutu ya mapaa ya mtaa wa Mabatini kabisa.

Ngosha79
Hiyo ya bati ni kweli, nimeipima mwenyewe. Ila boksi huku mvua zikianza linanywa unyevu hata likiwa ndani.

Jiwe la Bismarck
Ndiyo maana kuna vanishi.

Bibie_wa_Nyegezi
Asanteni. Kipimo kwa kweli sikijui, ila mwanasesere mwenyewe ni Barbie. Nyumba ni ya kwangu, ni hobi yangu, ila mtoto wa dada atakuwa anaichezea.

Ngosha79
Dada, ulikuwa uanze na hapo. Barbie ana sentimita 29 hivi, hiyo ni 1:6. Dari la mita 2.4 linakuwa sentimita 40. Ghorofa moja ni sentimita 80 kabla ya paa, upana wa vyumba viwili 80 nyingine, kina weka 35. Hicho ni kabati la nguo! Jumlisha sakafu, kuta, mgongo na paa, inakula karatasi nzima ya futi 8 kwa 4. MDF ya milimita 6 karatasi nzima ina kilo 13 hivi, na kwa urefu huo milimita 6 italegea, utataka 9. Fika kilo 20 hapo, bado samani.

MamaKulwa
Plaiwudi ni nyepesi kuliko MDF. Nilisema.

Ngosha79
@Jiwe la Bismarck na bati lako limekufa. Kwa 1:6 wimbi linatakiwa liwe milimita 12.7.

Jiwe la Bismarck
Halijafa. Panga vijiti vya mishikaki kwenye ubao kwa nafasi hiyo, gundisha, kisha kandamiza karatasi ya alumini nene juu yake. Bibie, mimi ningekushauri uachane na Barbie. Uchukue 1:12, vitu vizuri vyote viko kwenye 1:12.

Mwanausanifu
Naona MDF inasemwa vibaya na watu wa mazoea. Nimetengeneza modeli za majengo chuoni. MDF haina mkondo wa nyuzi kama mbao, hivyo ukikata dirisha dogo haichaniki kama plaiwudi ya bei rahisi, na rangi inakaa laini bila kuona mistari ya mbao. Masharti mawili. Vumbi lake ni baya, lina gundi yenye kemikali ya fomaldehaidi, kata nje na uvae barakoa nzito, mtoto asiwe karibu. Pili, kingo. Uso wa MDF ni mgumu, lakini kingo zinanyonya maji kupita kiasi. Paka kwanza gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, acha ikauke, piga msasa laini, rudia. Ndipo upake rangi.

Doto_Kirumba
Niongee kuhusu MDF na ziwa letu, kwa sababu naona mnaongea kama tunaishi Dodoma.

Mwaka juzi nilijenga nyumba ya 1:12, ya MDF, mfano wa zile za zamani za mjini zenye duka chini na roshani ya chuma juu. Roshani niliitengeneza kwa waya wa kusuka na gundi ya papo hapo, kila kichumba kina dirisha la vipande vya kioo cha plastiki. Ilipendeza, watu walikuja kuitazama. Ikabaki vanishi ya mafuta tu. Nikaitoa barazani jioni kwa sababu ya harufu, nikawasha taa nione ninachopaka. Mchana tulikuwa tumeona lile wingu la wadudu wadogo wa ziwani, kama moshi, limesimama juu ya maji kuelekea kisiwa cha Saa Nane, lakini nani anajali, tumezaliwa nao. Upepo ukageuka. Wale wadudu wanafuata taa, mnajua. Nilipotoka kunywa chai na kurudi, nyumba ilikuwa na manyoya. Paa, kuta, ngazi, mpaka ndani ya duka. Ukijaribu kumtoa mmoja anabaki miguu na mabawa.

Asubuhi jirani, fundi huyo, akaniambia nilowanishe kwa kitambaa cha maji ya moto watatoka kirahisi. Wakatoka baadhi. Kingo zikavimba. Ngazi ikapanda milimita mbili, mlango wa mbele haukufunga tena, na ile roshani ikang'oka upande mmoja. Nikamaliza kwa kuikata kuni. Mke wangu hadi leo wageni wakija anawasimulia.

Mwanausanifu
Pole sana kaka. Lakini hiyo ni taa na vanishi, MDF imesingiziwa. Plaiwudi nayo ingeota manyoya.

Doto_Kirumba
Ingeota manyoya ila isingevimba.

Selemala Mstaafu
Plaiwudi ya kawaida nayo ikilowa inabanduka tabaka, msidanganyane. Vijana hamtumii tena mbao halisi. Kuna ule mti mwepesi wa kinamasini ambao wavuvi walikuwa wanatengenezea maboya. Unakatika kwa kisu. Kwa samani ndogo hakuna kitu bora. Na mafunjo makavu kwa mikeka na makuti. Vitu vipo ziwani, nyie mnakwenda dukani.

Kisesa_Boy
Samahani wakuu, hii ni hobi ya watu wazima kweli? Nyumba za kuishi watu hazijaisha kujengwa.

MamaKulwa
Uliambiwa mpite mbali.

Mwanausanifu
Kisesa_Boy, ya Malkia Mary wa Uingereza ilijengwa kati ya 1921 na 1924, mchoro wake alichora Edwin Lutyens, msanifu aliyejenga New Delhi. Kipimo 1:12, ina umeme na maji yanatoka bombani. Iko Windsor mpaka leo na haikujengewa mtoto.

Kisesa_Boy
Sawa, mmeshinda. Ila mkiwa hapo jengeni basi msonge wa Kisukuma, makumbusho ya Bujora yako jirani, mkapime. Kila siku ghorofa za Wazungu tu.

Jiwe la Bismarck
Hapo umesema. Au nyumba za juu ya mawe za Igogo. Mawe ni povu la kufungia friji, unalichonga kwa kisu, unalipaka mchanga na gundi. Nitafungua uzi wake.

Bibie_wa_Nyegezi
Nimesoma yote. Nimeanza kuegemea plaiwudi. Swali dogo: ikimalizika itapanda meli kwenda Nansio, dada anaishi huko kisiwani Ukerewe. Itafika salama?

Ngosha79
Bibie!!! Hilo unalitaja sasa? Basi usigundishe kitu. Ijenge ya kufunguka, bolti na nati za kipepeo, kila ukuta unalala bapa. Mgongo iwe milimita 3 inayoingia kwenye mfereji.

Mwanausanifu
Kwa bolti za kufungua na kufunga MDF italegea matundu. Nakubali, hapa plaiwudi.

MamaKulwa
Naweka hii kwenye fremu.

Doto_Kirumba
Kwa Ukerewe hao wadudu ndio nyumbani kwao. Vanishi upake hukuhuku, mchana, ndani, madirisha yamefungwa.

Jiwe la Bismarck
Boksi lingebebwa kwa mkono mmoja. Basi.

Bibie_wa_Nyegezi
Na taa je? Nataka kila chumba kiwake.

Ngosha79
Balbu ndogo za LED. Betri za kifungo weka mbali kabisa, mtoto akimeza ni hatari kubwa. Tumia waya wa chaji ya simu, volti 5, kila LED nyeupe na rizista yake (kile kifaa kidogo cha kupunguza umeme) ya omu 150.

Selemala Mstaafu
Koroboi ndogo ingependeza zaidi.

MamaKulwa
Na mapazia usikate kanga, maua yake ni makubwa, ua moja linajaza dirisha zima. Nenda soko la Mlango Mmoja, tafuta mashati ya mtumba yenye vidoadoa vidogo au mistari myembamba. Kola na pindo la mkono linatosha chumba kizima. Lowesha kwa gundi nyeupe iliyozimuliwa, bana mikunjo kwa pini kwenye kipande cha povu, ikikauka inabaki imeshuka vizuri.

Kisesa_Boy
Mashati ya mistari ninayo mawili yamechanika. Natoa bure, anayetaka anifuate Igoma.

MamaKulwa
Ya rangi gani?