Loda ya trekta: sili mpya za silinda zinavuja tena

KijikoMbele

Habari wakuu. Trekta ina loda ya mbele yenye silinda mbili za kunyanyua mikono yake inayobeba kijiko. Ya kushoto ilianza kuvuja pale rodi inapotokea. Sili zote (pete za kuzuia mafuta) za glandi, yaani kifuniko cha silinda ambamo rodi inapita, zikabadilishwa, lakini baada ya siku chache za kazi mafuta yanatiririka tena. Pia mikono ikiachwa juu inashuka yenyewe polepole, injini ikiwa imezimwa. Kipenyo cha ndani cha silinda ni milimita 63, rodi milimita 35, shinikizo la mfumo bar 180. Rodi ina vidoa vya kutu kuelekea katikati. Ninunue seti nyingine ya sili, au kuna cha kuangalia kwanza? Na huku kushuka kwa mikono, ni sili ya pistoni?

Mkereza

Seti ya sili isubiri, mkuu. Sili mpya ikifa ndani ya siku chache kuna kitu kinaiua, na mshukiwa wa kwanza umeshamtaja: hivyo vidoa vya kutu. Pitisha ukucha juu yake. Ukikwama, basi mdomo wa sili unakwaruzwa hapohapo kila rodi inapoingia na kutoka. Krome ya rodi huwa na unene wa sehemu mbili au tatu za mia za milimita tu. Kutu ikishaipenya, inatambaa chini yake hadi krome ibanduke. Msasa hapo unamaliza krome iliyobaki. Kidoa kilicho karibu kabisa na jicho (tundu la pini mwishoni mwa rodi), sehemu isiyoingia kwenye glandi hata rodi ikirudi yote, kiache, hakina madhara.

Halafu pima unyoofu. Laza rodi juu ya vitalu viwili vya V, weka geji ya saa katikati, zungusha taratibu. Geji inasoma mara mbili ya upindo halisi, kwa hiyo gawanya kwa mbili. Upindo ukizidi takriban nusu milimita kwa kila mita ya urefu, rodi hiyo isirudi kwenye silinda. Tazama pia mng'aro: rodi iliyosuguliwa upande mmoja, na bushi ya glandi iliyolika upande huohuo, maana yake silinda inasukumwa pembeni. Hapo kagua pini na bushi za mikono. Bushi ya glandi ikishalika, rodi inayumba ndani ya sili, na hata sili bora haiwezi kuziba.

Kwa rodi ya milimita 35 napendelea kutengeneza mpya kutoka kwenye nondo iliyokwisha kupakwa krome kiwandani, kuliko kupaka krome upya ile ya zamani. Mwambie fundi aondoe krome yote mahali pa kuchomelea jicho, kwa sababu inaharibu weldi na moshi wake ni sumu. Waya wa ethi ufungwe kwenye jicho, si kwenye krome, na rodi ifunikwe vizuri: cheche moja iliyoganda juu ya krome inatosha kukata sili mpya.

MafutaSafi

Naongezea kwenye mikono kushuka, maana hapa pistoni inahukumiwa haraka mno. Mikono iliyo juu inabebwa na mafuta yaliyo nyuma ya pistoni. Sili ya pistoni ikivuja, mafuta hayo yanahamia upande wa rodi, lakini upande huo una nafasi ndogo kwa sababu rodi imeijaza. Kama milango yote miwili ya mafuta ya silinda imezibwa barabara, mafuta ya ziada hayana pa kwenda na pistoni haiwezi kushuka ila kidogo sana. Mikono inayoshuka mfululizo inaonyesha kwamba mafuta yanatoka nje ya silinda: kwenye spuli ya valvu (kijiti kinachoteleza ndani yake kufungua na kufunga njia za mafuta), kwenye paipu, au kwenye glandi. Kwako glandi inavuja, kwa hiyo pistoni na valvu zote mbili bado ni washukiwa.

Jaribio ni hili. Shusha kijiko chini, tegemeza mikono kwa stendi imara, zima injini, sogeza levari pande zote hadi shinikizo liishe. Chomoa pini ya rodi ya silinda ya kushoto. Ya kulia, fungua paipu zake na uzibe kwa vizibo vya chuma. Washa injini kwa mwendo mdogo, acha rodi ya kushoto itoke hadi mwisho ikiwa haina mzigo. Zima, toa shinikizo tena, fungua paipu ya upande wa rodi na uizibe, kisha elekeza mlango uliobaki wazi kwenye ndoo. Sasa washa na usukume levari ya kunyanyua. Matone machache si neno. Mkondo usiokatika ni sili ya pistoni. Ila jaribio hili linapima mwisho wa mwendo tu, na mkwaruzo ulio katikati ya bomba la silinda utauona ukishafungua. Rudia kwa silinda ya kulia. Zote zikiwa kavu, tatizo ni valvu.

Usitafute uvujaji kwa kidole, tumia kipande cha kadibodi. Mafuta ya bar 180 yanapenya ngozi kwa kitundu kisichoonekana, na jeraha hilo ni la kukimbizwa kwa daktari wa upasuaji siku hiyohiyo hata kama haliumi.

Oringi

Angalia pia kapla (viungio vya haraka) za paipu. Kapla ya upande wa rodi isipoingia sawasawa inabana mafuta yanayorudi, na shinikizo la upande wa rodi linapanda kuliko la pampu. Kwa vipimo vyako eneo la nyuma ya pistoni ni mara 1.45 ya lile la upande wa rodi: bar 180 nyuma inaweza kuzaa karibu bar 260 mbele, moja kwa moja kwenye sili ya glandi. Dalili yake ni mikono kupanda kwa kusuasua. Lakini hilo lingeumiza silinda zote mbili. Kama ya kulia ni kavu, rodi ndiyo ya kwanza.

KijikoMbele

Ya kulia ni kavu kabisa, na ukucha unakwama kwenye vidoa viwili. Rodi inatengenezwa mpya. Glandi imefungwa kwa waya. Inafunguliwaje, na sili zinakaa zikielekea wapi?

Oringi

Zungusha glandi kwa spana ya pini mbili hadi ncha ya waya itokeze kwenye upenyo, inyanyue, endelea kuzungusha na waya utatoka wenyewe. Pistoni ikigoma, isukume kwa mafuta, kamwe si kwa hewa ya kompresa, maana inaruka kama risasi.

Nati ya pistoni iwe mpya, ikazwe kwa kipimo cha kitabu cha loda. Shika rodi kwenye jicho, usibane krome kwenye jiliwa.

Sili ya rodi mdomo wake unaelekea ndani, kwenye mafuta. Sili ya vumbi mdomo wake unaelekea nje. Oringi (pete ya mpira) ya nje ya glandi inakaa upande wa mafuta, na ringi yake ngumu ya kuiegemeza nyuma yake. Ukinunua sili mojamoja, pima mfereji kwa vernia, si sili ya zamani, kwa kuwa imevimba au imesinyaa.

Sili nyingi mpya hufa wakati wa kufungwa. Kingo za mlango wa mafuta na mfereji wa waya ndani ya bomba zinakata kama wembe: lainisha kingo kwa msasa, jaza mfereji kwa utepe wa plastiki wakati pistoni inapita, na funika nyuzi za rodi kabla ya kuvisha glandi. Sili ya polyuretheni ipashe moto kwenye mafuta vuguvugu ndipo uikunje, na usitumie bisibisi.

Ukimaliza, endesha silinda bila mzigo, injini ikiwa chini, mwendo mzima mara tano au sita. Ukienda kasi, hewa iliyonaswa inaweza kugandamizwa hadi mvuke wa mafuta uwake na kuunguza sili. Kisha rudisha rodi zote ndani na upime kiwango cha mafuta kwenye tangi.